Seva Ikizimika, Mkono Usikimbilie Kitufe

Koltani inayochimbwa kwa sururu na sepetu katika vilima vya Rubaya, Masisi, huko Kivu Kaskazini nchini Kongo, husafiri mbali mpaka ikaingia ndani ya mashine ambazo wachimbaji wengi hawatazigusa maishani. Viwandani hutolewa humo tantali, na tantali hutengenezewa kapasita: vijipande vya milimita chache vinavyohifadhi chaji na kutuliza umeme kwenye bodi za simu, magari na seva. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba Rubaya hutoa kiasi cha asilimia 15 ya tantali ya dunia nzima. Mwishoni mwa Aprili 2024 mji huo uliingia mikononi mwa waasi wa M23, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti mwaka huohuo kwamba waasi walikuwa wakijipatia walau dola 800,000 kwa mwezi kutokana na tozo za madini hayo.

Seva ni kompyuta inayowahudumia watu wengi kwa wakati mmoja, na kwa kawaida wanaoitegemea hawaijui ilipo. Mtu wa Masisi anayemtumia ndugu yake fedha kwa simu hutegemea seva iliyo mamia ya kilomita mbali naye. Muuguzi anayepeleka hesabu za wagonjwa wa surua huzipeleka kwenye DHIS2, programu ambayo wizara za afya za Kongo, Kenya, Uganda na Tanzania zinaitumia, nayo pia inakaa kwenye seva mahali fulani. Siku ikizimika, fedha zinaning'inia katikati ya watu wawili na hesabu za surua hazifiki.

Hapo ndipo fundi anapopigiwa simu na kila mtu. Bosi anataka kujua itarudi saa ngapi, wateja wanalalamika, na kitufe cha kuwasha upya kiko mbele yake. Anakibonyeza. Baada ya dakika chache huduma inarudi na ofisi nzima inapumua. Kisha siku chache baadaye seva inazimika tena, kwa sababu ileile ambayo hakuna aliyepata kuijua, maana ushahidi wake ulifutika mara ya kwanza kitufe kilipobonyezwa.

Ufutikaji huo una sababu yake. Kompyuta hufanya kazi ndani ya RAM, yaani kumbukumbu yake ya muda, na RAM husahau kila kitu mashine inapowashwa upya. Keneli, yaani sehemu ya mfumo inayosimamia vifaa na kugawa kumbukumbu, huandika taarifa zake kwenye nafasi ndogo iliyomo humohumo ndani ya RAM. Kwenye mifumo mingi ya Linux, zipo programu zinazozichukua taarifa hizo na kuzihifadhi. Lakini journald, iliyoenea zaidi siku hizi, katika mpangilio wake wa kawaida huziweka kwenye diski ikiwa tu saraka ya /var/log/journal ipo. Saraka hiyo isipokuwepo, logi, yaani taarifa hizo za matukio, hukaa kwenye hifadhi ya muda na kupotea seva inapowashwa upya. Kuitengeneza ni kazi ya dakika moja. Seva nyingi ndogo zimepoteza historia yao yote kwa kukosa dakika hiyo moja, na hili ni jambo la kusikitisha kwa sababu halihitaji fedha wala mtaalamu kutoka nje.

Kwa hiyo mpangilio wa kukusanya hufuata kasi ya kupotea: kinachofutika upesi huchukuliwa kwanza. Kama seva bado inaitika hata kwa uzito, fundi hutazama programu zipi zinaendeshwa, zimekula kiasi gani cha RAM, diski imebakiza nafasi gani, na ni mashine zipi zilizounganishwa nayo wakati huo. Ujumbe ulio kwenye skrini hupigwa picha kwa simu, hata kama haueleweki. Ndipo zinafuata logi zilizoandikwa kwenye diski, mipangilio ya mfumo, na orodha ya programu zilizosasishwa karibuni. Linux inayo zana iitwayo sos, iliyoanzia Red Hat, inayokusanya haya yote kwa amri moja na kuyafunga katika kifurushi kimoja. Windows huweka kumbukumbu za matukio yake, na ikianguka vibaya huacha faili lenye nakala ya sehemu ya RAM.

Lipo pia jambo la ajabu linaloitwa kdump. Seva inapowaka, hutenga sehemu ya RAM na kuweka humo keneli ya pili, isiyofanya lolote. Keneli ya kwanza ikianguka, ya pili huamka bila kompyuta kuzimwa, inanakili kwenye diski yale yaliyokuwa ndani ya RAM ya mwenzake, halafu ndipo inawasha mashine upya. Fundi anaweza baadaye kusoma nakala hiyo na kuona keneli ilikuwa ikitekeleza amri gani ilipokwama.

Seva za kiofisi, tofauti na kompyuta za mezani, huwa na kompyuta nyingine ndogo ndani yake inayoendelea kufanya kazi hata seva yenyewe ikiwa imezimwa, mradi waya wa umeme umechomekwa. Kazi yake ni kupima joto, volti, kasi ya feni na makosa ya RAM, na kuandika kila jambo lisilo la kawaida katika daftari lake. Viwango vya IPMI vinavyoiongoza vilitolewa mwaka 1998 na Intel pamoja na Dell, HP na NEC. Kapasita ya tantali inayopata hitilafu mara nyingi huleta shoti, na kushuka kwa volti kwenye bodi kunaweza kuonekana katika daftari hilo wakati logi za Linux hazina hata neno moja, kwa kuwa Linux yenyewe haikupata nafasi ya kuandika. Mafundi wengi hulisahau daftari hili. Wengine huwa hawajui nenosiri lake.

Wakati mwingine ukimya nao ni ushahidi. Seva iliyozimwa kwa utaratibu huandika kwamba inazimwa: huduma zinafungwa moja baada ya nyingine, kisha mstari wa mwisho. Iliyokatikiwa umeme haiandiki chochote. Logi inakatika katikati ya kazi, halafu mstari unaofuata ni wa kuwaka upya. Katika Kivu, ambako ofisi nyingi huchanganya umeme wa laini, jenereta na paneli za jua, tofauti hiyo humwepusha fundi na kuitafuta kasoro ndani ya programu isiyo na kosa. Hali nyingine inayowapata wengi ni RAM kujaa. Linux ikikosa nafasi huchagua programu moja na kuiua ili nyingine ziishi, na mara nyingi huiua ile kubwa kuliko zote, ambayo huwa ndiyo hifadhidata yenyewe. Kwa mtumiaji inaonekana kama programu imejifia bila sababu. Kwenye logi ya keneli, jina la iliyouawa limeandikwa pamoja na saa.

Diski nazo hutoa dalili, ingawa si zote. Mwaka 2007 watafiti watatu wa Google, Pinheiro, Weber na Barroso, walichapisha matokeo ya kufuatilia zaidi ya diski laki moja. Waligundua kwamba diski ikionyesha kosa la kwanza la usomaji, uwezekano wake wa kufa ndani ya siku 60 huwa mara 39 ya ule wa diski isiyo na kosa. Waligundua pia kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa hata moja ya ishara nne kubwa za onyo. Anayekusanya taarifa za diski baada ya ajali anapaswa kuyashika yote mawili: dalili ikiwepo iaminiwe, isipokuwepo isichukuliwe kuwa cheti cha uzima.

Nje ya vyumba vya mafundi, hakuna mahali Afrika Mashariki ambapo logi za seva zilipata uzito kama Nairobi mwaka 2017. Wakenya walipiga kura tarehe 8 Agosti katika vituo 40,883, na matokeo yalitakiwa kurushwa kwa njia ya kielektroniki pamoja na picha za fomu za vituo, Fomu 34A. Siku chache kabla ya kura hiyo Chris Msando, msimamizi wa tehama katika tume ya uchaguzi, IEBC, alikutwa ameuawa. Matokeo yalipopingwa mahakamani, walalamikaji walidai kwamba mfumo uliingiliwa. Tarehe 28 Agosti Mahakama ya Juu iliiamuru tume iwape wataalamu nafasi ya kusoma, bila kubadilisha chochote, taarifa kuhusu seva zake, kinga zake za mtandao na logi zilizoonyesha nani aliingia kwenye mfumo na lini.

Tume haikutimiza amri hiyo ipasavyo. Wataalamu walipewa kidogo, tena kwa kuchelewa. Tarehe 1 Septemba, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, majaji wanne dhidi ya wawili waliubatilisha uchaguzi wa rais, jambo ambalo halikuwahi kufanywa na mahakama barani Afrika. Katika hukumu kamili iliyosomwa tarehe 20 Septemba, majaji hao walieleza kwamba tume ilikuwa na nafasi nzuri ya kuyakanusha madai kwa kufungua seva zake, na kwa kuwa haikufanya hivyo mahakama haikuwa na budi kuyakubali madai hayo. Neno "seva", ambalo mwaka mmoja kabla lilikuwa la mafundi, likawa linasemwa sokoni na kwenye matatu, na "fungua seva" ikawa kauli ya barabarani.

Miaka mitano baadaye kesi ya namna hiyo ilirudi na sura nyingine. Baada ya uchaguzi wa 9 Agosti 2022, IEBC ilikuwa imeweka fomu za vituo kwenye tovuti ya wazi ambako kila mtu aliweza kuzisoma, na mahakama iliamuru seva zikaguliwe chini ya usimamizi wa msajili wake. Safari hii walalamikaji ndio walioleta logi, wakidai zinaonyesha fomu zikinaswa njiani na kubadilishwa. Tarehe 5 Septemba Jaji Mkuu Martha Koome alisoma uamuzi wa majaji wote saba: baadhi ya logi hizo zilikuwa zimetokana na uchaguzi wa 2017, na nyingine zilikuwa za kughushi moja kwa moja.

Kesi hizo mbili zikisomwa pamoja zinafundisha mengi kuliko kitabu cha kompyuta. Mwaka 2017 aliyekuwa na logi hakuzitoa, akashindwa. Mwaka 2022 zilitolewa logi ambazo chanzo chake hakikuweza kuthibitishwa, nazo hazikumfaa aliyezileta. Logi ni maandishi tu. Yeyote mwenye kibodi anaweza kuandika mstari unaofanana nao. Kinachoipa nguvu ni kujulikana ilichukuliwa kwenye mashine gani, na nani, saa ngapi, na kwamba haijaguswa tangu hapo. Ndiyo maana fundi makini, akimaliza kukusanya, hukokotoa alama ya SHA-256 ya kifurushi chake na kuiandika mahali pengine. Herufi moja ikibadilishwa ndani ya kifurushi, alama hiyo haitalingana tena.

Watu wa Rubaya wamelishuhudia jambo hilohilo kwenye magunia. Chini ya mfumo wa ITSCI wa kufuatilia chanzo cha madini, ulioanza kufanya kazi Kivu Kaskazini mwaka 2014, gunia la koltani lilifungwa lebo yenye namba, uzito na tarehe vikaandikwa kwenye daftari mgodini, likafungwa lebo nyingine kwenye ghala la mnunuzi, na taarifa hizo zikaingizwa kwenye hifadhidata. Mwaka 2024 vita viliufanya mfumo huo usimame Masisi. Baadaye wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti kwamba madini ya Rubaya yalikuwa yakivushwa kwenda Rwanda na kuchanganywa na ya huko. Gunia likishachanganywa, hakuna mtu wa kompyuta anayeweza kuirudisha namba ambayo haikuandikwa mgodini.

Uingereza ilipata somo chungu zaidi. Kati ya 1999 na 2015 wasimamizi zaidi ya 900 wa ofisi ndogo za posta walitiwa hatiani kwa wizi au hesabu za uongo, kwa sehemu kubwa kwa kutegemea takwimu za mfumo wa kompyuta uitwao Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu. Wengi walisema tangu mwanzo kwamba kompyuta ndiyo inayokosea. Rekodi za ndani za mfumo zilikuwepo, lakini mkataba uliweka kikomo cha idadi ya maombi ya kuzipata, na washtakiwa wengi walihukumiwa bila kuziona. Mwezi Desemba 2019 Jaji Fraser wa Mahakama Kuu alitamka kwamba Horizon ilikuwa na makosa yaliyoweza kusababisha pengo la fedha kwenye hesabu za ofisi hizo. Kufikia hapo watu walikuwa wameshafungwa, wamefilisika, na baadhi wamekufa.

Upande wa pili kuna mfano wa ushahidi uliofanya kazi yake haraka. Tarehe 19 Julai 2024, saa 04:09 kwa saa za dunia, kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilisambaza faili dogo la masasisho, na kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 zikaanguka na skrini ya buluu. Ndege zilibaki chini na hospitali zikarudi kwenye karatasi. Nakala za RAM zilizoachwa na mashine zilizoanguka zilionyesha programu ikijaribu kusoma sehemu ya kumbukumbu isiyo yake. Ripoti ya kampuni iliyotolewa Agosti ilieleza kisa: kanuni mpya zilidai thamani 21, lakini programu ilikuwa imeandaliwa thamani 20, na ilipokwenda kuisoma ya ishirini na moja ikaangukia patupu. Faili lilirekebishwa ndani ya dakika 78, ingawa mashine zilizokwisha kuanguka zilihitaji mkono wa fundi, moja moja.

Tukio hilohilo la saa 04:09 lilikuwa saa 05:09 Kinshasa, 06:09 Goma na 07:09 Nairobi. Kongo ina majira mawili ya saa, na seva iliyowekwa Kinshasa huweza kuandika saa moja nyuma ya ile ya Goma ilhali zote ni za shirika moja. Mtumiaji naye akipiga simu na kusema mfumo ulikwama saa mbili asubuhi, maana yake ni 08:00 alipo yeye. Anayelinganisha logi za mashine tatu bila kuliweka sawa jambo hili ataona athari ikitokea kabla ya chanzo chake. Dawa ni kuziweka seva zote kwenye saa za dunia na kuziacha zijirekebishe zenyewe kupitia mtandao kwa NTP. Pale intaneti inapokatika kwa siku nyingi, saa hutegemea betri ndogo ya CR2032 kwenye bodi. Betri hiyo ikifa, kila umeme unapokatika seva huanza kuhesabu upya kutoka tarehe ya miaka iliyopita, na logi yake huonekana kama imeandikwa kabla haijanunuliwa.

Mahali pa kuhifadhi ni jambo jingine ambalo Kivu inalijua kwa machungu. Mlima wa volkano wa Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, lava iliikata barabara ya Goma na Rutshuru, ikaharibu nyaya za umeme na kufika karibu na uwanja wa ndege. Siku chache baadaye watu kwa mamia ya maelfu waliamriwa kuhama mji. Logi zilizohifadhiwa ndani ya seva ileile inayochunguzwa huangamia pamoja nayo kwa moto, wizi au uporaji. Uwezo wa kuzituma kwenye mashine nyingine, papo hapo zinapoandikwa, umekuwepo tangu syslog ya Eric Allman, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, miaka ya 1980, na hata kompyuta ya zamani iliyoko mji mwingine inatosha kuzipokea. Mtandao ukiwa dhaifu, maandishi haya ni mepesi. Hupita kwenye laini ya simu ambayo picha moja ingeilemea.

Lakini kifurushi cha uchunguzi kina hatari yake, na katika eneo la vita hatari hiyo ni ya watu. Ndani yake huwemo majina ya watumiaji, anwani za mashine, nani aliingia kutoka wapi na saa ngapi, wakati mwingine hata nenosiri lililosahaulika kwenye faili la mipangilio. Logi ya seva ya hospitali inaweza kuonyesha ni faili la mgonjwa gani lililofunguliwa usiku wa mapigano. Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Uganda mwaka huohuo, Tanzania 2022, na Kongo ikatoa Kanuni ya Kidijitali tarehe 13 Machi 2023. Mtengenezaji wa seva aliye Ulaya au Asia akiomba kifurushi ili atoe ushauri, hana haja ya kujua majina wala siri hizo za watu.

Zana ya sos ina amri yake ya kusafisha. Hupita ndani ya kifurushi na kubadilisha anwani za mtandao, majina ya mashine na majina ya watumiaji, ikiweka ya bandia mahali pake, kwa namna ambayo jina moja hupata mbadala uleule kila linapotokea, ili mtiririko wa matukio usivurugike. Mwishoni hutoa faili la pili lenye orodha ya majina halisi na mbadala zake. Kifurushi kilichosafishwa ndicho kinachotumwa. Faili hilo la pili hubaki kwa mwenye seva, na fundi wa mbali akiuliza kuhusu mashine fulani kwa jina lake la bandia, mwenye seva ndiye anayelifungua na kutazama ni ipi.